Mwaka wa Kuchagua Fimbo ya Kati

Nimo katika eda, na mtu aliye katika eda husikia mengi. Watu hukaa ukumbini wakazungumza kana kwamba pazia la mlango ni ukuta wa mawe. Nimeshasikia bei ya karafuu, nimesikia nani kamwacha nani huko Gando, na nimesikia hata mipango ya kuipaka rangi nyumba hii, nyumba yangu, nami nimeketi ndani yake mzima wa afya. Yote hayo niliyaacha yapite. Lakini juzi shemeji yangu Anwar, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu Shabir, alikuja kupanga vitu vya kaka yake. Kanzu zikagawiwa, viatu vikatolewa sadaka, redio akapewa mpwa. Kisha nikasikia kitu kizito kikiburutwa kutoka chini ya ngazi, vyuma vikigongana, na sauti ya Anwar ikiniuliza kutoka upande wa pili wa pazia: "Bi Mize, haya mavyuma ya gofu tuyafanyeje? Kuna ntu hupita kununua vyuma chakavu." Nikamwambia, kwa sauti kali kuliko inavyompasa mjane, ayarudishe yalipokuwa. Akayarudisha, ila kabla ya hapo akauliza, "Na hiki je? Si chuma si mbao, uso wake umelika wote." Nikamwambia hicho asikiguse kabisa, hicho nilikichagua mimi.

Tangu Shabir afe sijalia vya kutosha. Wanaokuja kunipa pole hunitazama usoni wakitafuta machozi, wanakuta uso wa mtu aliyepigwa na bumbuwazi, na wengine nadhani huondoka wakinisema. Ndivyo nilivyoumbwa. Jambo kubwa likinifika, ulimi hufa ganzi kwanza, mengine hufuata baadaye, pengine baada ya siku kadhaa. Hali hii iliwahi kuniponza, tena vibaya, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na kwa kuwa sasa nina muda ambao sikuuomba, nitausimulia mwaka huo. Sitaanza na babu wala bibi. Nitaanza na chumba.

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya hoteli iliyojengwa kaskazini kabisa mwa kisiwa, mbele ya Makangale, pale ambapo barabara ikishatoka msitu wa Ngezi huwa haina tena pa kwenda. Hoteli yenyewe haipo siku hizi, imebaki misingi na mibono. Wenyewe walikuwa wageni wa mbali waliopenda gofu, basi wakasafisha ardhi, wakaotesha nyasi, wakachimba mashimo sita, na wakaajiri vijana wa kuzikata nyasi hizo kila siku zisikue. Hapo ndipo watu wa kwetu walipopigwa na mshangao. Baba yangu, Mzee Shaame, mkulima wa muhogo na mpunga maisha yake yote, alikwenda kwa miguu kujionea mwenyewe, akarudi akakaa barazani akasema, "Wameotesha majani kusudi. Na wayamwagia maji." Aliyarudia maneno hayo wiki nzima kwa kila aliyepita. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne sina la kufanya, na meneja, Bi Zuwena, mwanamke wa Unguja aliyecheka kila nilipofungua mdomo kwa Kipemba changu, alinipa kazi ya kutunza fimbo za kuchezea. Chumba kilikuwa na dirisha moja, rafu za mbao, na harufu ya mafuta ya taa tuliyofutia kutu, maana hewa ya chumvi haiheshimu chuma cha nchi yoyote. Chakula cha mchana nilikula humo humo: muhogo wa nazi na papa, niliotoka nao nyumbani kwenye bakuli la mfuniko, na chai ya mdalasini niliyopewa na mpishi. Nilikipenda chumba kile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Aliyenifundisha fimbo ni Kocha Elibariki, kijana kutoka Moshi ambaye kila jioni alilalamika joto kana kwamba tulimfichia baridi mahali. Alizipanga fimbo zote sakafuni kwa urefu, akanieleza kwa subira. Zile ndefu zenye kichwa kinene huitwa wudi, kwa sababu zamani vichwa vyake vilikuwa vya mbao. Hupeleka mpira mbali, lakini zinataka mtu azungushe mikono kama anayefagia. Zile zenye kichwa chembamba cha chuma huitwa aironi. Zilizo fupi ni rahisi, huurusha mpira juu ukaanguka ulipokusudia, ila kadiri zinavyorefuka ndivyo zinavyozidi ugumu, na aironi namba tatu, alisema, imewaliza watu wazima. Basi kati ya wudi fupi kabisa unayoiweza na aironi ndefu kabisa unayoiweza, kuna pengo. Ikitokea unapaswa kuupeleka mpira umbali ulio ndani ya pengo hilo, huna cha kupigia: hii itapitiliza, ile haitafika. Wakati huo zilikuwa zimeanza kuingia fimbo mpya za kati, haibridi, zenye kichwa kidogo chenye tumbo na mpini usio mrefu sana, na hoteli yetu ilikuwa nazo chache. "Mtu akija kutaka fimbo ya kati," Kocha aliniambia, "usimuulize anataka namba gani. Mpe mipira apige, umtazame, upime pengo lake liko wapi." Baada ya miezi michache alipata kazi Arusha akaondoka, nikabaki na chumba, fimbo, na ujuzi wa kusimuliwa.

Shabir alikuwa na duka la vitambaa na vyakula Wete, duka la babu yake, na ndiye aliyeiletea hoteli mchele na mafuta. Wahindi Waislamu wa Wete tuliwajua kwa kuwa tulinunua kwao. Zaidi ya hapo hatukuwajua, na kwa kawaida wao walioana wenyewe kwa wenyewe. Lakini yeye alizaliwa pale pale, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Kocha alimpigisha mipira siku moja kwa mzaha, akanasa. Tangu hapo kila Jumapili asubuhi alikuja na pikapu yake, leso ya jasho mfukoni, akacheza akarudi mjini kufungua duka. Jumapili ya kwanza baada ya Kocha kuondoka alisimama mlangoni kwangu, mguu mmoja nje kwa adabu, akasema, "Bi Mize, shimo la nne lanishinda. Nkipiga wudi, naichimba ardhi. Nkipiga aironi, mpira waingia mikokoni. Nna pengo hapo." Shimo la nne lilivuka kijito chenye mikoko, na mpira ulitakiwa utue kwenye kipande cha nyasi kilicho ng'ambo.

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma juzi. Nikamwambia anachohitaji ni wudi namba saba, ambayo ni fupi kuliko nyingine, na kwamba kosa ni lake, si la fimbo. Akakubali kwa heshima. Akapiga asubuhi nzima, mipira ikaruka kama vyura, udongo ukatimka, vijana wa nyasi wakanilaumu mimi kwa vishimo alivyoviacha. Jumapili iliyofuata ndipo nilipokumbuka kuwa Kocha aliniambia nimtazame mtu, nami nilikuwa nimeitazama fimbo. Nikageuza ndoo, nikaketi, nikamtazama. Mikono yake ilitoka juu ikashuka moja kwa moja, kama mtu anayepasua kuni. Mtu wa namna hiyo hafagii kitu. Wudi haikuwa yake hata angeipiga mpaka kiyama, na kwa aironi ndefu hakuwa na kasi. Nikamtolea haibridi namba nne. "Piga vyovyo unavyopiga," nikamwambia. "Usijirekebishe."

Mpira uliondoka ukapanda. Ulipita juu ya mikoko, juu sana, ukashuka ng'ambo kwenye zile nyasi, ukakaa. Shabir aliutazama uso wa fimbo, akautazama mpira kule mbali, kisha akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi, na ndoo imeanguka.

"Wallahi," akasema taratibu, "nimeifanya mie hiyo?"

"Umeifanya weye."

"Pengine bahati. Nipe mwingine."

Haikuwa bahati. Mwingine ulivuka, na mwingine tena, na nilidhani kazi yangu kwake imekwisha. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama tena mlangoni, mguu mmoja nje, akasema bado hajaridhika. Pengine namba tatu ingemfaa zaidi. Iliyofuata akataka tujaribu namba tano. Iliyofuata tena mpini ulikuwa mgumu mno, kisha mlaini mno, kisha akawa na shaka na uzito wa kichwa. Mimi, kwa ujinga wa mtu anayeipenda kazi yake, niliyachukua yote kwa uzito. Nikachomeka vigingi uwanjani kupima mipira yake inaangukia wapi, nikamweleza umbali wa aironi yake ya tano na wudi yake ya tano na kilichobaki katikati. Ifahamike kuwa kwetu mwanamume hasimami tu akazungumza na msichana ambaye hajaolewa. Mlango huwa wazi, watu wawe wanaonekana, na mazungumzo yawe na sababu. Sisi sababu tulikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi, vijana wa nyasi walikuwa mbele yetu, na tulizungumzia pengo. Katikati ya pengo yalipenya mengine: kwamba chai ya hoteli haina tangawizi ya kutosha, kwamba baba yake alifia dukani akiwa anapima kitambaa, kwamba mimi naogopa kaa. Siku moja niliwasikia vijana wa nyasi wamekaa kivulini nyuma ya dirisha langu. "Mhindi huyu bado hajapata fimbo tu?" akauliza mmoja. Mwenzake akajibu, "Yuatafuta ya kuoa nayo," wakacheka mpaka wakakohoa. Nilidhani wanaucheka mtindo wake wa kupasua kuni.

Ilipokaribia Idi ya Mfungo Tatu, Shangazi Bikombo, dada yake baba aliyenilea, alinichukua Wete kununua vitambaa. Tuliingia kwenye duka la Shabir kwa kuwa lilikuwa na bei nafuu. Mwenyewe hakuwepo, alikuwepo mama yake, mwanamke mwembamba mwenye miwani, anayepima kitambaa bila kukitazama. Nilikuwa nikigusagusa poplini, nikainua macho, nikaiona. Imeegemezwa nyuma ya meza kati ya majora ya vitambaa: haibridi namba nne, uso wake umekwaruzika kwa kupigwa. Mama aliona ninapotazama. "Kile? Cha Shabir kile. Kakiagizia Dar tangu kabla ya Ramadhani. Kila alasiri yumo nyuma ya bohari yuapigia magunia." Nilipigwa na butwaa. Ramadhani ilikuwa imepita zamani, Mfungo Mosi umepita, Mfungo Pili umepita, na Jumapili zote hizo mtu huyu alikuwa akija kunitaka nimsaidie kuchagua fimbo ambayo anayo nyumbani kwake. Shangazi aliniuliza nataka rangi gani, sikumjibu. Njiani kurudi bumbuwazi liligeuka hasira. Nikaamini kuwa ananichezea, kwamba anakwenda kwa wenzake kusimulia jinsi binti wa Makangale anavyomchomekea vigingi. Nikaanza kuyapanga maneno ya kumwambia Jumapili, makali, moja baada ya jingine.

Jumapili haikufika. Kabla yake Bi Zuwena aliniita ofisini, akaniambia hoteli imeamua kunipeleka Bara, kwenye uwanja mkubwa, nikafundishwe sawasawa kupimia watu fimbo na kufundisha kupiga, nirudi niwe mwalimu wao. "Sasa nenda kamwambie baba yako," akasema, "na umwambie vizuri, siyo kwa hicho Kipemba chako cha kukata maneno." Nilitembea mpaka nyumbani. Niliingia kwa mlango wa uani, nikakuta harufu ya kahawa na iliki, majirani wawili wanakuna nazi wakiniangalia kwa macho ya pembeni, na kwenye ukumbi wa mbele sauti za wanaume. Kabla sijauliza, Shangazi alinishika mkono akanitia chumbani, akanikalisha kitandani, akajifunga kanga yake upya kama mtu anayetaka kusimama kuswali. "Mize, mwanangu," akasema, "kuna ntu kaja kukuposa. Baba yako kanituma nkuulize. Ni Shabir wa Wete."

Nilisikia kila neno. Lakini habari ya Bara ilikuwa bado imo kifuani haijatoka, na hii ikaja juu yake, na hapo hapo nikaiona tena ile fimbo kati ya majora ya vitambaa na nikaelewa, kwa mara ya kwanza, alichokuwa akikitafuta Jumapili zote zile. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Shangazi alinitazama usoni, akangoja kiasi cha adabu, kisha akatabasamu. Kwetu mwari anayeposwa kwa mara ya kwanza hatarajiwi kusema ndiyo. Haya humzuia, na kimya chake ndiyo jibu lake, sheria yenyewe inamkubalia. Anayekataa hulia kwa sauti au huinuka akatoka. Mimi sikulia wala sikuinuka. Nilisikia ndara za Shangazi zikipiga sakafu ya ukumbini, nikasikia sauti yake ikiwaambia wanaume kutoka mlangoni, "Kanyamaza." Nikamsikia baba akisema alhamdulillahi. Ikasomwa fatiha, vikapigwa vigelegele uani, na mimi bado nimekaa pale pale kitandani, mdomo wazi.

Ulimi uliporudi, halua ilikuwa imeshaliwa. Baba alikuja mlangoni, naye ameshangaa kwa namna yake. Hakuwahi kufikiri kuwa watu wa Wete wangekaa kwenye jamvi lake. Alinieleza jinsi mama yake Shabir alivyokaa na mkoba magotini muda wote bila kuonja kahawa, na jinsi Shabir mwenyewe alivyotokwa jasho. Nikamwambia habari ya Bara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Hayo yamekwisha, mwanangu. Ntu aliyeposwa hendi hotelini." Na kweli ndiyo desturi: msichana aliyeposwa hajipitishi mbele ya mchumba wake, na mchumba wangu alikuja kila Jumapili mlangoni mwa kazi yangu. Kwa hiyo ndani ya muda wa kumimina kikombe kimoja cha kahawa nilikuwa nimepoteza chumba, fimbo na safari, na nimepata mume, bila kutamka neno hata moja. Nilimfuata Shangazi jikoni nikamwambia sikukubali, nilishtuka. Akanitazama kama niliyemwambia kuwa nimeswali bila udhu. "Ulinyamaza," akasema. "Nilishtuka, Shangazi." Akarudi kwenye sufuria yake. "Kila mwari hushtuka. Ndo vyovyo."

Zikaja siku za kukaa ndani. Majirani walikuja kusaidia kuchambua mchele kwa ajili ya harusi, wakazungumza nikiwasikia. "Kapata duka zima huyu." "Wenziwe waenda hotelini kufagia, yeye kaenda kuchagua." "Ati hata mama ntu hakutaka, ntoto kashikilia." Nilikuwa nikiyasikia hayo kwa mshangao mpya kila mara, kwa sababu mtu waliyemzungumzia hakuwa mimi, alikuwa msichana fulani mwerevu aliyejua anachokitaka na akakipata kwa kunyamaza. Siku ya tatu au ya nne Shangazi alikwenda kisimani. Simu yake aliiweka ndani ya kopo la sukari, na mtandao ulipatikana nyuma ya nyumba tu, penye migomba. Namba ya Shabir kila mtu aliijua, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya duka lake. Nikapiga.

"Shabir. Ni Mize."

"Bi Mize?" Aliingiwa na hofu, maana halikuwa jambo la kufanywa.

"Mie sikukubali," nikasema. "Niliulizwa nikashtuka. Wakasema nimenyamaza."

Nilisikia mtu dukani akiuliza bei ya sukari, na hakuna aliyemjibu.

"Mie nkaambiwa umekubali," akasema hatimaye. "Mama kapika biriani."

"Na fimbo ulikuwa nayo."

"Nlikuwa nayo. Siku ile mpira ulipovuka, jioni yake nliiagizia. Lakini nkisema nimepata, Jumapili ntakuja kufanya nini?" Akavuta pumzi. "Basi Ijumaa ntakuja kwa baba yako, niitoe posa. Sikujua, Mize. Wallahi sikujua." Akakata.

Nilitegemea kupata nafuu. Badala yake nilisimama penye migomba nimeshika simu, na kitu kikaniuma kifuani, na huo ulikuwa mshtuko mkubwa kuliko yote ya mwaka ule. Iliniuma kwamba ameachia haraka hivyo. Nilimtaka. Nilimtaka na jasho lake na leso yake na mikono yake ya kupasua kuni, na sikujua tangu lini. Na Bara niliitaka vile vile, haikupungua hata kidogo. Nikairudisha simu kwenye kopo, nikaketi juu ya kinu, na Shangazi aliporudi na maji akaniuliza mbona nimepauka hivi, nikashindwa kumwambia.

Ijumaa walifika baada ya swala ya alasiri: Shabir, mama yake, na ami yake mmoja aliyedhani, maskini, kuwa wamekuja kupanga tarehe. Baba alikuwa amemwalika Shehe Khatib, aliyesoma fatiha mara ya kwanza. Mimi na Shangazi tulikuwa nyuma ya pazia la ukumbi, na penye mshono pazia lile lilikuwa na tundu ambalo tangu utoto nililijua. Kulikuwa na mkate wa kumimina na kahawa. Shabir hakuvigusa.

"Mzee Shaame," akasema, "nimekuja kuitoa posa yangu."

Ami yake aligeuka akamtazama kwa mdomo uliojaa mkate. Baba akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi mbele za watu, "Umeona aibu gani kwa mwanangu?"

"Sikuona aibu yoyote. Nimesikia kuwa hakukubali. Alishtuka tu."

"Umesikia kwa nani?"

Hapo angeweza kunitaja. Hakunitaja. "Nimesikia," akasema, akainamisha kichwa.

"Aliulizwa akanyamaza," baba akasema. "Kunyamaza kwa mwari ndo kukubali kwake. Shehe yupo hapa, aseme yeye."

Shehe Khatib alikuwa mzee wa maneno machache, aliyekula polepole. Alimeza kwanza. "Ndivyo," akasema. "Ndivyo kwa mwenye kuweza kusema, akaona haya. Aliyeshtuka hakunyamaza, kanyamazishwa. Mwari aulizwe tena."

"Jambo limeshasomewa fatiha, Shehe, nimuulizeje tena?"

Shangazi alinikamata kifundo cha mkono. Alininong'oneza, "Nyamaza," na sikujua ananitaka nikubali au anataka tu nisimtie aibu. Nadhani hata yeye hakujua. Nikaona jinsi nilivyobanwa. Nikinyamaza, watanihesabia kuwa nimekubali yote, pamoja na kukaa ndani. Nikilia, watanihesabia kuwa nimemkataa. Nilichokuwa nacho moyoni hakikuwa hiki wala kile, na hapakuwa na namna ya kukisema ila kwa kukisema. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama siku ile. Nikausukuma.

"Baba," nikasema.

Sidhani kama nyumba ile iliwahi kusikia sauti ya mwari kupitia pazia wakati wa posa.

"Namtaka," nikasema. "Lakini nakwenda Bara nikasome kwanza. Na nkirudi, kazi yangu siiachi. Akiridhia hayo, nimekubali. Asiporidhia, aitoe posa yake aende nayo."

"Nimeridhia," Shabir akasema, kabla mtu hajamuuliza. Mama yake aliutoa mkoba magotini akauweka chini. Shangazi aliuachia mkono wangu akakaa kwenye sakafu.

Wote wakamgeukia baba. Nilimwona kwenye tundu. Alilitazama pazia, akamtazama Shehe, akalitazama tena pazia, mdomo wazi, na hakikutoka kitu. Niliutambua uso ule, maana ndio wangu. Ni kwake nilikorithi. Shehe Khatib alingoja. Alichukua kikombe, akanywa kahawa yake mpaka chini, akakiweka kikombe kwenye sahani.

"Mzee Shaame kanyamaza," akasema. "Tusome fatiha."

Nilikwenda Bara, nikarudi, tukaoana, nikafundisha watu kupiga mipira mpaka hoteli ilipofungwa. Hayo yana sura zake. Lakini mwaka jana Shabir alipata kiharusi, na kilichokufa kwanza kilikuwa ulimi. Nikagundua kwa mshtuko jinsi watu wanavyopenda kumjibia mtu asiyesema. Hataki uji. Amechoka, mzimie taa. Daktari alipouliza kama mgonjwa anakubali kupelekwa Unguja kupasuliwa, Anwar alimtazama kaka yake kidogo akasema, "Kanyamaza, hana pingamizi." Hakuwa na nia mbaya. Nikawatoa wote chumbani, daktari na Anwar na mashangazi, nikafunga mlango. Nikamweleza Shabir kila kitu kama alivyokieleza daktari, nafuu yake na hatari yake. Nikatia kidole changu kwenye kiganja chake cha kulia, kile kilichobakiwa na nguvu kidogo, nikamwambia akifinya ni ndiyo, akiachia ni hapana, na kwamba sina haraka. Mimi nilitaka afinye. Nilingoja. Nje niliwasikia wakiuliza kuna nini humo. Alinitazama muda mrefu, kisha akakifungua kiganja, kidole kimoja kimoja, mpaka kikawa wazi kabisa.

Nilitamani kumuuliza tena. Sikumuuliza tena. Tukabaki Wete.